Shukrani Iliyotangulia Kilio

Kwa miaka miwili hakuna mtu sokoni Mudzipela, mjini Bunia, aliyejua amwite Bernadette mke wa Josaphat au mjane wa Josaphat, na ukithubutu kumwuliza mwenyewe, alikujibu huku anageuza samaki wake wa chumvi, "Wende uulize ku kanisa. Kule njo banajua." Watu walicheka wakidhani ni mzaha wa mchuuzi. Haukuwa mzaha. Mama yule alikuwa amekasirika, na ukisikia alivyofanyiwa, utashangaa tu kwamba meza yake ilibaki na miguu minne.

Ilikuwa hivi. Bernadette na mumewe, Josaphat Katsuva, walikuwa watu wa Butembo waliohamia Bunia kutafuta maisha, kama Wanande wengi kabla yao. Bernadette alichukua upande wa samaki wanaotoka ziwani Kasenyi, na Josaphat akashika njia ya Komanda, akileta mawese na mchele. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kelele, asiyejua kunong'ona hata ibadani. Wanakwaya walimwomba apunguze sauti, naye akapunguza kwa ubeti mmoja, basi. Jumanne moja alipanda lori kwenda Komanda. Njiani watu wenye silaha walilishambulia lile lori wakalichoma. Abiria wengine walikimbilia porini, wengine wakafa, wengine wakachukuliwa kubebeshwa mizigo. Josaphat hakuwa kati ya waliorudi, wala jina lake halikusomwa kati ya waliokufa. Hakuna simu iliyopigwa, hakuna maiti iliyoletwa, na hakuna mtu aliyekuja kusema nilimwona.

Mwezi wa kwanza Bernadette alilia. Mwezi wa pili na wa tatu alizunguka kila ofisi aliyotajiwa, akijaza karatasi ambazo kila ofisi ilisema zingejazwa kwenye ofisi nyingine. Mwezi wa nne ndipo Mama Gracieuse alipomjia na neno la shukrani.

Huyu Mama Gracieuse aliuza unga wa mihogo kwenye meza ya jirani, na tena ndiye aliyekuwa prezida wa kina mama wa kanisa lao. Haki yake apewe: alikuwa mtu mwema. Siku zote ambazo Bernadette alikuwa akihangaika maofisini, Gracieuse aliuza samaki wake pamoja na unga, na hakupungua hata mmoja. Lakini wema wake ulikuwa wa kusukuma. Akikuonea huruma, ujue utatembea njia anayotaka yeye.

Kanisa lao lilikuwa dogo, la mbao na mabati, na wakati huo lilikuwa limeshikwa na fundisho lililoitwa shukrani ya mbele. Anayemwamini Mungu, walifundishwa, hasubiri apokee ndipo ashukuru. Anashukuru kwanza, mbele ya watu, na toleo mkononi, kama vile amekwisha kupokea. Bernadette hakuwahi katika maisha yake kumlipa fundi kabla ya kazi, kwa hiyo alipaswa kushtuka hapo hapo. Hakushtuka. Mtu anayezama hakagui kamba.

"Dada, sema amesha kurudi," Gracieuse alimwambia. "Sema kwa kinywa yako mbele ya kanisa. Mungu hawezi kukuacha na haya."

Basi Jumapili moja Bernadette akasimama mbele, kitenge kipya kiunoni, jogoo mkononi, bidoni la mawese miguuni, akasema, "Namushukuru Mungu juu amenirudishia bwana yangu." Kina mama walipiga vigelegele. Mchungaji, Pasta Élisée, kijana wa miwani aliyekuwa na miaka mitatu tu katika kazi hiyo, akainua mikono akaomba kwa machozi. Siku ile Bernadette alijisikia mwepesi, na alilala mpaka jua likamkuta kitandani. Hilo pia lisemwe, maana baadaye alipokuwa akisimulia kwa hasira alilisahau.

Asichokijua ni kwamba alikuwa ameingia mahali pasipo na mlango wa nyuma. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mtu aliyekwisha kushukuru kwamba mumewe amerudi atalia vipi kwamba hayupo? Juma lililofuata machozi yalimshika sokoni katikati ya wateja, na Gracieuse akamshika bega haraka. "Hapana, dada. Weye ulisha kushukuru. Ukilia, unabomoa." Akameza machozi. Akayameza tena mwezi uliofuata, na mwezi baada ya huo, mpaka akawa na donge kifuani ambalo daktari wa kituo cha afya alisema ni vidonda vya tumbo, akampa vidonge vya kutafuna.

Shemeji yake akapiga simu kutoka Butembo, akasema mwaka umepita na ukoo unataka kufanya matanga, watu walie, mambo yaishe. Kina mama wa kanisa waliposikia, walikuja watano kwa pamoja kumwambia kwamba matanga ni kumwita Mungu mwongo. Wakati huo huo majirani wasiosali nao walimnong'onea kwamba anamweka marehemu njiani, hawezi kupumzika. Huku akikanywa asilie, huku akilaumiwa kwa kutolia, Bernadette akapika chakula chake na kula na binti yake Aimée, bila kumjibu mtu.

Na faraja! Kama faraja ingekuwa unga, Gracieuse angefunga meza kwa kukosa wateja. Kila mtu alikuwa nayo mdomoni. "Mungu iko," walimwambia wakipita. "Wakati ya Mungu ni muzuri." "Kazana, mama, kesho tu." Alikuwapo mteja mmoja aliyemfariji kwa robo saa nzima, akimshika mkono wenye chumvi, akimweleza jinsi Bwana asivyowasahau wake, kisha akaomba aongezewe samaki wawili wa matabishi, bila kulipa. Bernadette alimwongezea mmoja, mdogo, mwenye mkia uliokatika.

Kilichomchosha zaidi kilikuwa mashati. Waliomfundisha kushukuru walimfundisha pia kuishi kama mtu anayepokea, kwa hiyo kila Jumamosi aliyatoa mashati sita ya Josaphat, akayafua, akayaanika, akayapiga pasi, akayatundika. Baada ya mwaka na nusu kola za mashati hayo zilikuwa zimechanika. Aimée ndiye aliyeona kwanza. "Mama, mashati ya papa inaisha," akasema, "na hakuna mutu anaivaa." Bernadette alimfokea akateke maji, kisha akaketi juu ya beseni lililopinduliwa akiwa na shati mkononi, akihisi kwamba kama hatapiga kitu atapasuka. Akapiga beseni.

Alikuwa bado akisali, na hili liliwashangaza waliodhani ameacha. Alisali akiwa anaparua magamba, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebishana na jirani kupitia uzio. "Weye ulikuwa wapi ile siku? Nakuuliza kwa heshima. Na sasa uko wapi? Kama iko muzima, leta. Kama alikufa, sema. Usinikalishe hivi." Kisha akaongeza amina, maana alilelewa vizuri.

Jawabu lilikuja Jumatano moja, saa saba mchana, likiwa limevaa kofia ya kiangazi na kubeba msumeno. Lilikuwa fundi seremala, mtu wa makamo anayechechemea, aliyekuja Mudzipela kuezeka nyumba. Alisimama mbele ya meza akichagua samaki, akamtazama Bernadette, akatazama samaki, akamtazama tena.

"Mama, samahani. Weye njo bibi ya Josaphat? Ule mwenye sauti kubwa?"

Kisu kilisimama hewani. "Ni miye."

Yule mtu akavua kofia. "Naitwa Fabrice. Pole tena, mama. Sikupata njia ya kukuya ku matanga, mguu ilikuwa inanisumbua. Mulifanyia wapi? Hapa ao Butembo?"

"Matanga gani?"

Fabrice aliweka msumeno chini, akatazama meza ya jirani, ile ya unga, ambayo saa hiyo ilikuwa imefunikwa kwa sababu Jumatano kina mama huwahi maombi. Akaanza kuelewa, na kuelewa kulimtia hofu.

"Mama, miye nilikuya hapa. Sasa inapata mwaka moja na nusu. Nilikuwa ndani ya lori na bwana yako. Nilipopona kidogo nikakutafuta, juu yeye aliniambia, bibi yangu anauzisha samaki Mudzipela. Wakaniambia uko Kasenyi. Nilikuta mama moja hapa, wa unga, nikamuelezea yote. Akaniambia, usimuambie sasa, alisha kushukuru, utaharibu imani yake. Rudia kwako, miye nitamufikishia pole pole."

"Anifikishie nini?" Bernadette aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua. Alitaka tu mtu aliseme.

Akalisema. Walikuwa wameketi pamoja juu ya magunia, Josaphat akampa nusu ya hindi lake la kuchoma na kumwimbia nyimbo za kanisa njia nzima, apende asipende. Risasi zilipoanza, Fabrice alipigwa mguuni akajivuta mpaka porini, akakaa humo hadi asubuhi. Kulipokucha watu wa kijiji cha karibu walikuja, wakawazika saba kando ya barabara, upesi upesi, kwa sababu walioua walikuwa bado karibu. "Bwana yako njo nilimushika ku miguu," Fabrice alisema. "Nilikuwa nimekaa chini, siwezi kusimama, lakini nilimushika."

"Kuliombwa?"

"Hapana, mama. Sitakudanganya. Tulifunika tu, watu wakakimbia, miye wakanibeba."

Bernadette alimfungia samaki wanne kwenye karatasi, akakataa pesa, akamwita Aimée aangalie meza. Kisha akaenda kanisani kama alivyokuwa, na aproni yake, na magamba kwenye mikono hadi viwikoni. Watu waliokutana naye njiani walipisha.

Kina mama kama ishirini walikuwa wameketi kwa duara, Gracieuse katikati, Pasta Élisée amekuja kuwafungulia maombi. Bernadette hakuketi.

"Nimekuya kurudisha shukrani," akasema.

Pasta alisimama taratibu. "Mama Bernadette, shukrani hairudishwe."

"Kama hairudishwe, jogoo yangu irudi."

Mama mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Jogoo yule alikuwa ameliwa nyumbani kwa pasta siku ile ile ya shukrani, na wote walijua.

"Josaphat alikufa ile Jumanne," Bernadette aliendelea, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. "Siku munanipigia vigelegele hapa, alikuwa ndani ya udongo miezi ine. Miye namushukuru Mungu kwa kunirudishia mutu mwenye amezikwa kando ya barabara bila hata sala moja. Na humu ndani kuna mutu anajua tangu mwaka moja na nusu. Ananiona nafua mashati. Ananiambia, kazana."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Gracieuse alikuwa ameinamisha kichwa, na kilemba chake kilikuwa kinatikisika.

"Nilitaka nikuambie," akasema. "Kila asubuhi nikifunua unga, nilisema, leo."

"Juu ya nini hukusema?"

Wale waliokuwa karibu na Gracieuse walisogea kidogo bila kujijua, wakamwacha peke yake kwenye benchi.

"Munajua Rodrigue," Gracieuse akasema.

Walimjua. Rodrigue alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa Mongbwalu miaka saba iliyopita na hakusikika tena. Mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza katika kanisa lile kutoa shukrani ya mbele, kabla hata fundisho halijapata jina. Wengine walimwiga yeye.

"Kama ya kwako inaanguka," Gracieuse akasema, "ya kwangu itasimama na nini?"

Pengine mtu mwingine angelainika hapo. Bernadette hakulainika. Alimwona mbele yake mwanamke aliyemnyima kilio chake kusudi apate kukwepa cha kwake, na hasira ikampanda upya, ya moto kuliko ile ya kwanza. "Kumbe miye ni nguzo ya nyumba yako," akasema. "Ungeniuliza kama naweza kubeba."

Pasta Élisée akajaribu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na ilionekana wazi kwamba habari za Fabrice alikuwa anazisikia leo. "Mama, tupatie mpaka Ijumaa. Wazee ya kanisa watakaa. Tuombe kwanza, halafu..."

"Muombe. Miye naenda kutandika mukeka."

Asubuhi ya Alhamisi akautandika mbele ya mlango wake. Alikuwa amempigia shemeji yake simu, na shemeji akalia kwenye simu kama mtoto, akasema angekuja siku ile ile lakini njia ni ile ile iliyomuua ndugu yake. Kwa hiyo yalikuwa matanga yasiyo na maiti, yasiyo na pasta, yasiyo na ukoo wala turubai la kukinga jua. Bernadette akafunga kitambaa kichwani, akaketi chini, miguu imenyooka, Aimée kando yake. Majirani walipita wakatazama, wakasita, wakaenda zao. Walioamini waliogopa kanisa, na wasioamini hawakutaka kuwa wa kwanza.

Halafu likatokea jambo la kuudhi kuliko yote. Hakuweza kulia. Miaka miwili alikuwa amepigania ruhusa hii, na sasa ameketi juu ya mkeka, macho makavu, akiwazia bei ya chumvi. Alijilazimisha kumkumbuka Josaphat, akamkumbuka akikoroma. Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Wa kwake hakujitakia, na kilio kilikataa vile vile. Karibu na saa sita alikuwa tayari kukunja mkeka na kurudi sokoni kabla samaki hawajaharibika.

Ndipo alipoingia Léontine. Huyu alikuwa mkulima wa Djugu aliyekimbia vita, akiishi sasa kwenye kambi ya wakimbizi pembeni ya mji. Alikuja sokoni kila siku ya pili kununua vichwa vya samaki, na kwa kawaida hakusema zaidi ya yambo na aksanti. Bernadette alijua tu kwamba alifiwa na mume na dada wawili kwa siku moja, na hata hilo aliambiwa na wengine. Leo alikuwa amebeba kichwani mzigo wa kuni, kwa maana msibani mtu haendi mikono mitupu, na kuni kambini si kitu cha kutoa kwa mchezo.

Aliushusha mzigo karibu na jiko. Hakusema pole. Hakusema Mungu iko. Aliketi chini kwenye mkeka, akavua kitambaa chake kichwani, akaweka mikono juu ya utosi, akalia. Alilia kwa sauti ya juu, ndefu, kwa lugha ya kwao ambayo Bernadette hakuijua hata neno, ila katikati yake likatoka jina la Josaphat, likatoka tena. Kilio huanza mfiwani, husemwa, lakini hapa mfiwa alikuwa amesahau njia na ilibidi mgeni amtangulie. Donge la kifuani likapasuka. Bernadette alianguka kwa ubavu, akalia mpaka Aimée akaogopa, kisha Aimée naye akalia, na majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja bila kuitwa.

Baadaye, walipokuwa wamechoka, Léontine alimuuliza, "Alikuwa mutu gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Wote walikuwa wakiuliza atarudi lini. Bernadette akaanza kueleza, polepole kwanza, kisha kwa kasi: urefu wake, jinsi alivyowafukuza ndege kwa kuimba, jinsi alivyomkosea siku tatu kabla ya safari na kumwomba msamaha kwa kelele hadi mtaa wote ukasikia. Alicheka akilia. Majirani waliongeza ya kwao. Kisha masimulizi yakafika barabarani, kwenye kaburi la watu saba. "Hata sala moja," akasema. "Walimufunika tu."

Léontine akafumba macho na kusali, kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Mungu, siye hatukukuwa kwenye ile barabara. Weye ulikuwa. Walimufunika mbio mbio, Weye ulikuwa unaangalia. Ulimujua jina. Mutunze mwenye alikufa, na mutunze huyu mwenye anakukasirikia, juu anakukasirikia akiwa karibu yako. Amina."

Bernadette hakusema amina. Alikuwa anasikiliza. Miaka miwili alikuwa ameuliza Mungu alikuwa wapi, na kila mtu alimjibu kuhusu kesho, jinsi Mungu atakavyofanya, jinsi atakavyoleta. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ile, mahali pale, kati ya magunia na moshi, Josaphat hakuwa peke yake. Hakujua kama analiamini. Lakini alilishika, na lilikuwa na uzito mkononi, si kama maneno mengine. Hasira yake ilikuwapo bado, ila ilikuwa imepata wa kuambiwa, tena aliyekaa karibu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile alihisi kwamba anatunzwa, na hisia hiyo ilimfanya alie upya, kwa utulivu zaidi.

Ijumaa turubai lilipatikana. Pasta Élisée alikuja badala ya kukaa na wazee wake, akavua viatu, akaketi mwisho wa mkeka, akasema mbele ya watu, "Mama, tulikukosea. Na miye njo wa kwanza." Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kukapendwa na wengi kuliko mahubiri yake. Fabrice alileta benchi alilolipigilia mwenyewe.

Jumamosi, siku ya mwisho, Mama Gracieuse akaja. Alikuwa na beseni la unga kichwani na hakuwa amefunga kilemba cha uprezida. Alisimama pale turubai linapoishia, nusu juani na nusu kivulini, na beseni halikushushwa kwa sababu hakuna aliyesogea kumpokea.

"Sikukuya kukufariji," alimwambia Bernadette. "Sina kitu ya kukuambia. Dada, naweza kulia ya kwangu hapa? Kwangu hakuna mutu atakubali kukaa."

Bernadette alimtazama. Hakuwa amemsamehe, na hakujua kama angeweza mwaka huu. Alikumbuka kila Jumamosi ya mashati, moja moja. Watu wote walikuwa wakimngoja yeye.

Akakusanya kitenge chake, akasogea upande wa ukuta, akapiga mkeka kwa kiganja mahali palipobaki wazi.

"Kaa," akasema. "Anza na jina yake."

Léontine akainuka kumpokea beseni. Mama Gracieuse akaketi chini, akanyoosha miguu, akaweka mikono kichwani.

"Rodrigue," akasema, akalia.